Wakimbiaji Wawili na Filimbi za Nyabusalama

Mtu mzima akionekana anakimbia peke yake katika nchi ya Wasukuma, watu hutazama kwanza nyuma yake, waone kinachomfukuza. Wasipokiona, humtazama mikononi, waone alichoiba. Wakikosa na hicho, wanawake hujifunga khanga viunoni kungoja kilio, kwa kuwa anayebaki kukimbia ni mjumbe wa msiba tu. Sababu ya nne haijulikani. Obedi Masalu aliyafahamu hayo tangu alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kusini ya Misungwi. Hata hivyo, alipokwisha kuvuka miaka arobaini, akiwa na mke, binti na kitambi kilichoanza kujitokeza, alianza kukimbia kila alfajiri kutoka nyumbani kwake Pasiansi kwenda kuparamia majabali ya vilimani, na sababu yake ilikuwa hiyo ya nne.

Sababu hiyo ilimfikia ikiwa imefungia vitumbua. Mama aliyekuwa akivikaanga karibu na kazini kwake alitumia kurasa za majarida ya kale yaliyoletwa mjini pamoja na marobota ya mitumba, na siku moja Masalu alikunjua karatasi yake akakuta picha iliyolowa mafuta: wanaume na wanawake, wengine wenye mvi, wakikimbia katika kijia cha mlimani huku wametapakaa tope hadi magotini. Maneno ya chini yalieleza kwamba watu hao hukimbia tangu macheo hadi machweo, bila mshahara na bila kufukuzwa, na kwamba wengi wao hurudi tena mwaka unaofuata. Masalu aliyasoma mara mbili, vitumbua vikapoa. Hakushangazwa na kukimbia kwao, alishangazwa na kurudi kwao. Mtu aliyeumia kiasi kile hurudi kutafuta nini?

Naye hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bila kueleweka. Alisoma shule ya bweni, katika zile enzi ambazo kengele ndiyo iliyokuwa baba na mama, na mchakamchaka wa alfajiri haukujali mvua wala malaria. Alitoka huko na nidhamu iliyonyooka kama kona za shuka lake. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa pamba katika chama cha ushirika, kazi yake kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Soko huria lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, safi na fifi zikaanza kushindiliwa katika gunia moja. Masalu alipinga kwa upole, kisha alipinga kwa sauti, kisha akaacha kazi kabla hajapunguzwa. Sasa alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri huko Igogo, na ghala hilo lilikuwa na mpangilio ambao hata panya waliuheshimu.

“Baba Precious,” mkewe Justa alimwambia asubuhi moja aliporudi akivuja jasho, “majirani wananiuliza unamkimbia nani. Niwajibu nini?”

“Waambie nafanya mazoezi.”

“Mazoezi ya nini? Jeshi limekuita?”

“Ya mbio ndefu.”

“Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mume wangu. Hizi zako zinaishia wapi?”

“Ndilo ninalotaka kulijua.”

Justa alikuwa Mkerewe. Alimkabidhi kikombe cha chai, akamtazama miguu kama anayetazama samaki wa kuuzwa. “Kwetu kisiwani mtu akikimbia sana huangukia ziwani,” alisema. “Ndiyo maana sisi tumejifunza kutembea.”

Masalu hakukimbia peke yake kwa muda mrefu. Daktari Mhoja, aliyekuwa na zahanati yake mjini na ambaye alipenda kupima kila kitu kinachodunda, alimkuta mlimani akamuuliza anachofanya. Akaonyeshwa ule ukurasa wenye mafuta, akauazima. Baada yake akaja Teodora, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mapafu ya mpuliza tarumbeta, na Opiyo, mchuuzi wa nyavu kutoka Rorya, ambaye alikimbia kwa viatu vya mpira vilivyokatwa njumu na hakuacha kuzungumza hata akipanda mwamba. Wengine wachache walifuata. Wakaanzisha chama, na chama kikaanzisha mashindano: kutoka Misungwi hadi Igogo kwa njia za ng'ombe na vijia vya kando ya ziwa, mwendo wa siku nzima, mara moja kila kiangazi baada ya mavuno ya pamba.

Masalu alichaguliwa kuwa katibu, akatunga sheria. Mkimbiaji asipande chombo chochote. Asikanyage barabara ya lami isipokuwa kwa kuikatiza. Afike Igogo kabla jua halijagusa maji. Na asisindikizwe na mtu yeyote asiyekuwa mshindani. Sheria hii ya mwisho aliiongeza baada ya mashindano ya kwanza, pale ndugu wawili wa Opiyo walipoonekana wakimfuata kwa baiskeli, mmoja akimpepea huku akiimba na mwingine amebeba birika la uji.

“Uji nao ni kosa?” Opiyo alilalamika.

“Uji si kosa. Kosa ni jamaa yako aliyekuwa akikuimbia.”

“Omera, ndugu yangu, yule huimba hata akilala!”

“Aimbe nyumbani,” alisema Masalu, na sheria ikapita.

Katika mashindano hayo ya kwanza yeye mwenyewe hakufika. Mahali fulani kati ya mashamba ya pamba, mchana ulipokuwa mkali, tumbo lilimgeuka na magoti yakakataa kukunjika. Aliketi juu ya tuta, akatapika mbele ya mbuzi, na hatimaye akarudishwa barabarani juu ya baiskeli ya muuza maziwa, katikati ya madumu. Aibu ilimuuma, kwa kuwa shuleni kwake aliyeacha mbio katikati alilazimika kuzirudia zote Jumamosi mbele ya bweni zima. Ila kilichomnyima raha hasa hakikuwa aibu. Ng'ambo ya lile tuta palikuwa na nusu ya siku ambayo hakuijua. Mwili hufanya nini ukipita pale unapodhani ndio mwisho wake? Daktari Mhoja alimpa majibu ya vitabuni. Masalu aliyasikiliza kwa adabu, asitosheke.

Mwaka mzima basi alijiandaa, akawa mwanafunzi wa miguu yake mwenyewe. Aligundua kwamba kushuka kunachosha kuliko kupanda, kwamba mchanga wa ufukweni hula nguvu kimyakimya, na kwamba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo mama yake alimfungashia alipokuwa mchungaji, hukaa tumboni bila ugomvi kuliko mkate wowote wa dukani. Alijaribu maji yenye chumvi na sukari, kisha uji wa ulezi. Alijaribu kukimbia akiwa na njaa, akajuta. Kiangazi cha mwaka tisini na saba kilipofika, alitaka jambo moja tu: kufika Igogo kabla jua halijagusa maji, kwa sheria zile zile alizoziandika, pasipo doa.

Walianza Misungwi kulipopambazuka, watu wasiozidi kumi, wakitazamwa na wauza chai waliokuwa wakicheka hadi birika zikafurika. Umande ulikuwa bado juu ya mabua. Opiyo alitangulia kama kawaida yake, akiwasalimu mbuzi. Masalu alikimbia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini, akinywa kidogo kabla ya kiu na kula kidogo kabla ya njaa. Jua likapanda. Katika kituo cha katikati, ambapo msichana wa chama alikuwa na madumu ya maji chini ya kibanda cha kununulia pamba, aliambiwa kwamba wenzake wote wa nyuma wamekwisha kuachia njiani. Mmoja malengelenge, mwingine tumbo, wawili wamekutana na shemeji wakakaribishwa togwa. Waliobaki mashindanoni walikuwa Opiyo na yeye.

Tuta la mwaka jana alilitambua kwa mbali. Akalikaribia kwa uangalifu, kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kufukuzwa. Alijipekua: tumbo limetulia, magoti yanakunjika, kichwa kinahesabu. Akaliruka. Upande wa pili hapakuwa na ajabu yoyote. Palikuwa na mabua yale yale na vumbi lile lile. Lakini kila hatua sasa ilikuwa mpya, na Masalu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alijisikia akicheka peke yake.

Hapo ndipo filimbi zililia.

Mbele yake, penye kaya chache za kijiji cha Nyabusalama, Opiyo alikuwa akishuka mteremko kwa kasi. Filimbi ya kwanza ilitoka zizini, ya pili kisimani, kisha yowe la wanawake likapanda kutoka ua hadi ua. Masalu aliganda. Alilijua yowe lile kabla hajajua kusoma. Lilikuwa mwano, sauti ya hadhari. Ukipigwa, kila mwanamume huacha alichoshika, hata kama ni tonge, akatoka na upinde wake. Na mgeni aliyeko njiani huketi chini palepale, angoje kuulizwa. Asiyeketi amekwisha kujihukumu.

Masalu aliketi.

Opiyo hakuketi. Aligeuka akaona wanawake wakipiga kelele milangoni, wanaume wakitokeza vichakani, watoto wakipanda juu ya vichuguu. Akainua mikono yote miwili. Akapunga kulia, akapunga kushoto. “Asanteni!” sauti yake ilisikika. “Asanteni sana, ndugu zangu!” Kisha akaongeza mwendo.

Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walimpita Masalu pale alipoketi kama maji yanavyolipita jiwe. Hawakuchukua muda. Waliporudi, Opiyo alikuwa katikati yao, mikono kisogoni, kiatu kimoja hakipo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa akizungumza. Alikalishwa chini kando ya Masalu. Mbele yao akasimama kamanda wa kijiji, mzee wa kimo kifupi aitwaye Ngosha, amevaa kofia ya sufu katika jua lile bila kuonyesha dalili ya jasho.

“Shikamoo,” alisema Masalu.

“Marahaba. Wewe uliketi. Mwana wa nani?”

“Masalu, mwana wa Chenge, wa Misungwi, upande wa kusini.”

“Chenge yule mwenye fahali mweupe?”

“Huyo huyo.”

“Basi wewe ni mtu. Na huyu?”

“Ni mwenzangu. Tunashindana.”

“Mnashindana nini?”

“Kukimbia. Tumetoka Misungwi, tunakwenda Igogo.”

Minong'ono ilipita katika ule umati. Kijana mmoja mwenye rungu alishindwa kujizuia. “Igogo kuna basi! Limepita sasa hivi barabarani, tena lina nafasi!”

“Hii ni njia ya ng'ombe,” mwingine aliongeza. “Hata ng'ombe wenyewe siku hizi wanapanda lori.”

Ngosha aliinua kidole, wakanyamaza. Alimwinamia Opiyo. “Ng'ombe wameibwa jana kijiji cha jirani. Leo tunaona mtu hatumjui, anakimbia. Tunapuliza filimbi, anakimbia zaidi. Tunapiga mwano, anatupungia mikono. Ulikuwa unatudhihaki?”

“Mzee wangu, nilidhani mnanishangilia!” Ulimi wa Opiyo ulirudi wote kwa mkupuo. “Kwetu Rorya, mwanamume akipita wanawake wakapiga kelele namna ile, hasimami kuuliza kuna nini. Anaongeza mwendo!”

“Na kupunga?”

“Nilikuwa nashukuru!”

“Alinipungia mimi,” alisema bibi mmoja kutoka nyuma. “Miaka mingi sijapungiwa. Msimpige.”

Kicheko kililipuka, na hatari ikapungua kidogo, ingawa pinde hazikushushwa. Ngosha peke yake hakucheka. Alikuwa akiwatazama miguuni, wote wawili, kwa makini ya mnunuzi mnadani.

“Mwana wa Chenge, mashindano haya mlimwarifu nani?”

“Tuliarifu wilaya. Tuliarifu polisi. Tuliarifu na makanisa.”

“Polisi wanakaa hapa?”

“Hapana.”

“Filimbi hapa anapuliza nani?”

Wakati wa kupanga, Teodora alikuwa ameuliza kama wasipite kwanza kwa wakuu wa sungusungu. Masalu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mashindano rasmi huarifu mamlaka rasmi, na kwamba watu wasio na muhuri hawana haja ya kuarifiwa. Maneno hayo sasa yalikuwa yameketi mavumbini pamoja naye.

“Haya,” Ngosha alisema. “Wewe tunakujua kwenu. Uliketi kama inavyopasa. Inuka uende zako, jua halimngoji mtu. Huyu atabaki mpaka mtemi wetu wa sungusungu arudi kutoka mnadani amwone.”

“Atarudi lini?”

“Jioni. Akikuta pombe nzuri, kesho.”

Masalu alitazama jua. Lilikuwa limeanza kuegemea upande wa ziwa, lakini bado lilikuwa na urefu wa kumtosha. Njia ilikuwa mbele yake, nyeupe na wazi. Miguu ilikuwa haijalegea. Nusu ya siku aliyoitafuta mwaka mzima ilikuwa pale, na hakuna sheria hata moja iliyomzuia. Alimtazama Opiyo. Opiyo alikuwa akichora vumbini kwa kidole cha mguu usio na kiatu.

“Nenda, omera,” alisema bila kuinua macho. “Nitakaa na bibi yangu huyu.”

“Hakuna njia nyingine?” Masalu alimwuliza Ngosha.

“Ipo. Nyayo za ng'ombe aliyeibwa tunazifuata vipi?”

Masalu alijua. “Mnazifuata hadi mpakani, mnakikabidhi kijiji kinachofuata, nacho hadi mpaka wake.”

“Na mtu tunaweza kumkabidhi hivyo hivyo, akiwa na mdhamini. Tutawafikisha mpakani, wenzetu watawapokea, mpaka mjini. Ila mdhamini habanduki kwa aliyemdhamini. Huyu akitoroka, mwizi ni wewe. Na sisi tutakuwa pamoja nanyi hatua zote.”

Sheria ya nne ilimjia Masalu mbele ya macho kwa mwandiko wake mwenyewe. Asisindikizwe na mtu yeyote asiyekuwa mshindani. Alijaribu kuizunguka, kama alivyowaona wanunuzi wa pamba wakizunguka ukaguzi, akaona aibu ya kujaribu. Opiyo alikuwa ametekwa. Aliyetekwa hachagui anayekwenda naye. Yeye alikuwa ameambiwa aende. Akikubali sasa, atakuwa amekubali kwa kinywa chake, na hata akifika Igogo mapema namna gani, atakuwa hakufika kwa sheria.

“Namdhamini,” alisema.

“Mtatembea?” aliuliza yule kijana mwenye rungu.

“Tutakimbia,” alisema Masalu, akainuka.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba alasiri ile kundi la wanaume wenye pinde lilionekana likikata mashamba kuelekea kaskazini, filimbi zikilia, na katikati yao watu wawili wenye kaptura, mmoja akikimbia kwa kiatu kimoja mpaka alipoazimwa katambuga za matairi. Penye mpaka wa kijiji walisimama. Upande wa pili wenzao walikuwa wamekwisha kusikia filimbi, nao wakasimama, na makabidhiano yakafanywa kwa taratibu zake.

“Tunawaletea mtu na mdhamini wake,” alitamka Ngosha. “Hana ng'ombe. Hana damu. Anakimbia.”

“Anakimbilia nini?”

“Hatukujua. Pokeeni, labda ninyi mtajua.”

“Tumepokea.”

Kazi ya Ngosha ilikuwa imekwisha hapo. Vijana wake waligeuka kurudi, lakini yeye aliivua kofia yake, akaikunja, akaichomeka kiunoni, akaendelea kukimbia na kundi jipya. Mpaka wa pili, vivyo hivyo. Alikimbia kwa hatua fupi za mtu aliyefuata ng'ombe maisha yake yote, bega kwa bega na Masalu, akimwuliza maswali.

“Unasikia nini sasa?”

“Wapi?”

“Miguuni.”

Masalu alijichunguza ili ajibu kwa ukweli. “Maumivu yalikuwa gotini. Yamehamia pajani. Sasa yapo begani, sijui yanatafuta nini huko.”

“Kama mgeni anayetafuta pa kulala.”

“Kabisa.”

“Na hayo yakiondoka?”

“Hapo ndipo sijawahi kufika.”

“Endelea,” alisema Ngosha. “Utaniambia.”

Yakaondoka. Hakujua lini. Ziwa lilikuwa limejitokeza kushotoni, majabali yamejipanga ukingoni kama ndovu waliokuja kunywa, na Masalu aligundua kwamba kwa muda usiojulikana hakuwa amewaza chochote. Aliona vitu tu. Aliona mjusi mwenye kichwa chekundu, dagaa walioanikwa wakimeta juu ya mwamba, nyuzi za pamba zilizonasa miibani pembezoni mwa njia, kila uzi na kivuli chake. Wala hakuwa na nguvu mpya, kama majibu ya vitabuni ya Daktari yalivyodai. Alikuwa amechoka kupita kiasi. Ila uchovu ule ulikuwa kitu kilichokimbia kando yake, kama Ngosha, kikiuliza maswali.

“Yameondoka,” alimwambia mzee.

“Na kumebaki nini?”

“Udadisi.”

“Huo hata mimi ninao,” alisema Ngosha, “wala sikuhitaji kukimbia.”

Kituo cha mwisho kilikuwa Mkolani, mlangoni mwa mji, na Teodora alikuwa ameketi hapo juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipoona pinde zinakuja, alisimama. Alipoona kaptura katikati ya pinde, aliketi tena. Ngosha alimweleza desturi, kwa kuwa ng'ambo ya hapo hapakuwa na sungusungu wa kupokea, na mtu hakabidhiwi hewani.

“Nimewapokea,” alisema Teodora kwa sauti yake ya darasani.

“Wewe ndiye mwenye mali?”

“Si mali. Mmoja ni katibu wetu, mwingine ni adhabu yetu.”

Ngosha alitosheka. Aliagana na Masalu kwa mikono miwili. “Nimekimbia nanyi vijiji vitatu,” alisema. “Nimetafuta kinachowakimbiza, sijakiona. Mwakani mkipita, niambieni mapema. Nitakitafuta tena.”

Wenye pinde walipokwisha kuondoka, Teodora alimgeukia Masalu haraka. “Jua linazama. Nendeni. Na mimi sikuona mtu, nilikuwa nachota maji.”

“Uliona, Mwalimu.”

“Obedi!”

“Uliona,” alirudia, akaanza kukimbia.

Njia ilishuka kuelekea Butimba, ikakumbatia ufuko. Opiyo, ambaye katambuga zilikuwa zikimpiga visigino, alimfikia ubavuni.

“Unataka kusema, sivyo? Nakuona usoni. Unataka kusimama mbele ya Daktari ujishitaki.”

“Ndiyo.”

“Na mimi unanizamisha!”

“Wewe ulikamatwa. Kamati haimhukumu mtu kwa kukamatwa. Mimi niliambiwa niende, nikabaki.”

“Ulibaki kwa ajili yangu, omera.”

“Kwa ajili yako. Sheria haiulizi ni kwa ajili ya nani.”

“Basi ifute! Si uliiandika wewe?”

“Ningeifuta leo, ningekuwa nimeifuta kwa ajili yangu.”

Opiyo akapunguza mwendo. “Basi tuingie pamoja.”

“Wewe umo mashindanoni!” Masalu alifoka, ile sauti ya kiranja ikamtoka kifuani bila kuitwa. “Ukipunguza mwendo kwa ajili yangu, nitakushitaki wewe kwanza. Kimbia!”

Opiyo akakimbia, akicheka kwa sauti, katambuga zikipiga makofi nyuma yake.

Igogo iliwapokea kwa moshi wa majiko na harufu ya samaki. Watu wa chama walikuwa wamekusanyika penye majabali ya ufuko, Daktari Mhoja akiwa na saa mkononi na macho juu ya maji. Opiyo aliingia mikono juu, safari hii akishangiliwa kweli. Masalu aliingia baada yake, na jua lilikuwa bado halijagusa ziwa. Kati ya jua na maji palikuwa na nafasi ya unene wa kidole. Watu walimkimbilia. Aliwazuia kwa kiganja.

“Daktari, usinihesabu,” alisema. Akaeleza yote, kwa mpangilio, tangu filimbi ya kwanza: mwano, udhamini, mipaka, na kosa lake la kutowaarifu wenye filimbi.

Daktari Mhoja alimsikiliza huku amemshika kifundo cha mkono, akihesabu mapigo. “Hapa kuna mtu mmoja tu anayekupinga,” alisema hatimaye.

“Naye ni katibu. Andika.”

Likatangazwa jina la Opiyo peke yake. Opiyo aliinuliwa mabegani, akaanza kusimulia jinsi alivyoshangiliwa Nyabusalama. Masalu aliketi juu ya jiwe na kulingoja jeraha la kushindwa. Aliijua njia yake. Mwaka jana lilimjia kifuani. Alilitafuta huko, akalitafuta tumboni, akalitafuta hata mahali ambapo huweka hasira za pamba. Alikuta miguu iliyochoka na kiu, basi. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote aliyoyaona siku ile.

Justa alikuja na chupa ya chai, amejifunga khanga kwa ghadhabu. Alikuwa amesikia.

“Umetoka Misungwi kwa miguu yako?”

“Ndiyo.”

“Umefika kabla ya jua?”

“Ndiyo.”

“Na bado hukumaliza?”

“Sikumaliza. Mwakani.”

Justa aliimimina chai taratibu, akampa, akaketi kando yake juu ya jiwe. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nusu. “Mwaka jana hukufika, ukasema mwakani,” alisema. “Mwaka huu umefika, unasema mwakani. Sikutanii sasa, mume wangu, nataka kujua kweli. Huko njiani kuna nini?”

Masalu alifungua kinywa kumjibu kama alivyozoea, kwa sentensi moja iliyokamilika, akaona haipo.

“Nilimwona mjusi,” alisema. “Subiri. Nianze na mjusi.”